TSH iko juu halafu naambiwa tezi iko chini, hii imekaaje?

Nuru_77

Habari zenu wakuu. Naomba mwenye uelewa anifafanulie maana nimeshika karatasi ya majibu toka jana sielewi kitu. Mi ni mama wa mtoto mmoja, nina muda sasa nachoka vibaya mno, usingizi nalala wa kutosha lakini naamka mwili mzito, nywele zinatoka kila nikichana, baridi naisikia peke yangu wakati wenzangu wanajipepea, ngozi kavu, choo shida, na uzito unaongezeka wakati chakula ni kilekile. Nikaenda hospitali wakatoa damu. Majibu TSH ni 14, pembeni wameandika kawaida ni 0.4 mpaka 4, na T4 iko chini ya kiwango. Daktari akasema tezi yako ya shingo inafanya kazi chini ya kiwango, akaniandikia vidonge vya levothairoksini, akaniambia rudi baada ya wiki sita. Nje foleni ilikuwa ndefu nikaona aibu kuendelea kuuliza.

Sasa swali langu, kama homoni ya tezi iko JUU hivyo, 14 wakati mwisho ni 4, si ndo maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi? Mbona napewa dawa ya kuongeza tena? Na hizi homoni kwa ujumla zinafanyaje kazi, maana kila ninayemuuliza ananiambia "homoni zako zimevurugika" lakini hakuna anayesema zimevurugika vipi.

Fundi_wa_Maabara

Pole sana dada Nuru, na dawa ni yako kabisa, hakuna aliyekosea. Kinachokuchanganya ni kwamba TSH haitengenezwi na tezi ya shingo. Inatoka kichwani, kwenye tezi inayoitwa pituitari, iko chini ya ubongo usawa wa nyuma ya pua, ndogo mno, uzito wake ni kama nusu gramu tu. Kazi ya TSH ni kuiamrisha tezi ya shingo, yaani thairoidi, itengeneze homoni zake, T4 kwa wingi na T3 kidogo. Na pituitari haitoi amri halafu ikalala, muda wote inaonja damu kuangalia T4 na T3 zimefika kiasi gani. Zikitosha inapunguza TSH, zikipungua inaongeza. Ni sawa na mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili, akiitikiwa anashusha sauti, asipoitikiwa anapaza, akizidi kunyamaziwa anapiga kelele kabisa. Hiyo 14 yako ni kelele za pituitari. Tezi ya shingo ndo haiitiki. Ukimeza kidonge unaipa damu ile T4 iliyokosekana, pituitari ikiionja itashusha TSH yenyewe bila mtu kuigusa.

Na usishangae namba imeruka vile, T4 ikishuka kidogo tu TSH inapanda mara nyingi zaidi, ndo maana mtu wa tezi akiletwa maabara kipimo cha kwanza huwa ni TSH, inawahi kushtuka kabla T4 haijatoka nje ya kiwango. Kuna watu TSH ni 7 na T4 bado iko kawaida, hao tezi imeanza kuchoka lakini ikisukumwa bado inajitahidi. Wewe T4 imeshashuka, maana yake kusukumwa peke yake hakutoshi tena.

Sasa geuza picha. Mtu mwingine TSH yake iko karibu sifuri na T4 iko juu sana, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda huku anakula. Huyo pituitari imenyamaza kabisa lakini tezi inaendelea kumwaga tu. Mara nyingi ni ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili inatengeneza protini zinazokaa palepale ambapo TSH hukaa kwenye tezi, basi tezi inadhani imeamrishwa. Halafu yuko wa tatu, T4 chini na TSH nayo chini au iko kawaida tu wakati ilitakiwa ipande, hapo mkuu unaanza kuiangalia pituitari yenyewe. T4 ya chini ni ileile kama yako lakini ugonjwa uko sehemu nyingine kabisa. Kwahiyo ukiona namba ya homoni usiishie kuuliza iko juu au chini, uliza nani anaitoa, anampelekea nani, na huyo aliyepelekewa amejibu nini.

Nuru_77

Ubarikiwe sana, hapo kwenye TSH nimeelewa kabisa. Lakini nimepata maswali mengine. Hii TSH ikishaingia kwenye damu si inazunguka mwili mzima, inajuaje iende shingoni isiende kwenye goti? Na mbona tezi moja tu ikilegea mi naumwa kila mahali, nywele, tumbo, ngozi, baridi? Na kwanini nisubiri wiki sita, dawa ya maumivu mbona nusu saa tu.

Mwl_wa_Bailojia

Dada Nuru maswali yako ni mazuri, niruhusu niandike kwa urefu kidogo maana hapa ndo penye utamu wa somo lenyewe.

Haijui. TSH inafika kwenye goti kama inavyofika shingoni, inapita kila mahali damu inapopita. Tofauti iko kwa anayepokea. Seli za thairoidi zina vipokezi vya TSH, ni protini zilizochomoza juu ya ukuta wa seli zenye umbo la kuishika TSH, nyama ya goti karibu haina kabisa kwahiyo homoni inapita tu kama haikuonekana. Hii ndo siri ya mfumo wote, homoni inatangazwa kwa mwili mzima halafu anayesikia ni yule mwenye kipokezi. Na kipokezi ndicho kinachoamua kitatokea nini, sio homoni. Chukua adrenalini, ukishtuliwa gizani inamwagwa na tezi zilizokaa juu ya figo, ndani ya sekunde chache moyo unadunda, mboni za macho zinatanuka, ini linamwaga sukari kwenye damu, mishipa ya damu ya kwenye misuli inafunguka huku ya ngozi na utumbo inabanwa, ndo maana mtu aliyeshtuka anapauka. Ni kemikali moja hiyohiyo imefungua mshipa mmoja na kubana mwingine, kwasababu vipokezi vya pale na vya hapa ni aina tofauti.

Swali lako la pili linajibika hapohapo. T3 ina vipokezi karibu kila seli ya mwili. T4 kazi yake kubwa ni kuwa akiba, ikifika kwenye ini, figo, misuli na sehemu nyingine inanyofolewa chembe moja ya ayodini (zipo nne, zinabaki tatu) inakuwa T3, na T3 ndo inayofanya kazi yenyewe. Inaingia mpaka ndani ya kiini cha seli, inakaa juu ya jeni, inaamua protini gani zitengenezwe na kwa kiasi gani. Inapandisha kasi ya seli kuunguza chakula, na joto la mwili linatoka humo, ikipungua unasikia baridi. Utumbo unasukuma polepole, choo kinakauka. Mashina ya nywele yanaingia mapumziko mengi kwa pamoja. Mapigo ya moyo yanapungua. Kwahiyo huna magonjwa sita, una upungufu mmoja unaoonekana sehemu sita.

Kuhusu wiki sita, angalia homoni zinavyogawanyika. Adrenalini na insulini na TSH haziwezi kupenya ukuta wa seli, zinabisha nje na ujumbe unapelekwa ndani na vijumbe vingine, kazi inaanza haraka na homoni yenyewe haidumu, insulini nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya dakika chache tu. Kortisoli, estrojeni, testosteroni na hizi za thairoidi zinaingia ndani kabisa na kazi yake kubwa ni kuamsha jeni, protini mpya hazitengenezwi kwa dakika moja. Halafu T4 zaidi ya asilimia 99 inatembea imeshikwa na protini za damu, ile kidogo iliyo huru ndo inayofanya kazi na ndo mara nyingi maabara wanaipima, kwahiyo inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inachukua kama siku 7 kuisha. Ukianza dozi leo kiwango kinajengeka taratibu kwa wiki kadhaa mpaka kitulie, na pituitari nayo inahitaji muda wa kuzoea. Ukipima baada ya wiki mbili utaona TSH bado iko juu ukadhani dawa haifai, kumbe haijamaliza kupanda.

Kitu kimoja cha historia, nakipenda sana siwezi kukiacha. Watu walijuaje kwamba hizi amri zinapita kwenye damu na sio kwenye mishipa ya fahamu? Mwaka 1849 mwanasayansi wa Kijerumani Arnold Berthold aliwatoa majogoo korodani, wakaacha kuwika na kupigana na vilemba vyao vikasinyaa. Wengine akawarudishia korodani lakini akazipandikiza tumboni, mbali na mahali pake, mishipa ya fahamu ya zamani imeshakatwa. Majogoo wakarudi kuwika, vilemba vikasimama. Alipowafungua akakuta korodani zimeota mishipa mipya ya damu. Hakuwa na mashine yoyote ya kupima homoni, alikuwa na jogoo na kisu na akili ya kuuliza swali vizuri.

Chuma_Kila_Siku

Wakuu samahani naingilia uzi wa dada. Hapo pa mtu kuita na kunyamaza pamenigusa. Mi nafanya mazoezi ya vyuma, kuna jamaa wanachoma sindano za testosteroni wananishawishi na mimi nichome, wanasema unaongeza tu kile ambacho mwili tayari unatengeneza kwahiyo haina shida. Ni kweli? Maana mi na mke wangu tunatafuta mtoto.

Fundi_wa_Maabara

Kaka usichome. Nasema hivyo kwa uzito wote. Ni mzunguko uleule, pituitari inatoa LH na FSH, LH inaziamuru korodani zitengeneze testosteroni na FSH inasaidia mbegu kukomaa. Ukijaza testosteroni ya sindano kwenye damu, pituitari na haipothalamasi iliyo juu yake zinaonja, zinaona imezidi, zinanyamaza. LH na FSH zinashuka mpaka chini kabisa. Korodani hazipati amri, zinasinyaa. Na mbegu zinahitaji testosteroni ya palepale ndani ya korodani, ambayo kiwango chake ni kikubwa mara nyingi kuliko cha kwenye damu, sindano haiwezi kukifikia. Matokeo yake damu inaonyesha testosteroni nyingi kupita kawaida na mbegu hakuna au ni chache mno. Wanaume wenye kifua kipana wanaletwa kupima mbegu hadubini inaonyesha patupu, na wao hawakuambiwa na yeyote kwamba hili lingetokea. Wengi wakiacha zinarudi ila inaweza kuchukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, na sio wote zinarudi kama zamani. Na ziada nyingine inageuzwa kuwa estrojeni kwenye mafuta ya mwili, ndo wengine wanaota matiti.

Hii hii inawahusu wanaotumia vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu, wa pumu, wa viungo, wa ngozi. Dawa ile inafanya kazi kama kortisoli kwahiyo mwili unaacha kuitengeneza yake. Ukiikatisha ghafla baada ya wiki nyingi unabaki huna ya dawa wala ya mwili, presha inaanguka, unatapika, unaweza kufa. Daktari akikwambia punguza kidogokidogo fuata hivyohivyo, kidogokidogo ni muda wa kuziamsha tezi zilizolala.

Chuma_Kila_Siku

Nimekuelewa kaka mkubwa. Siigusi.

Mzee_wa_Sukari

Watoto wangu mnaandika vizuri. Mimi nina kisukari cha ukubwani miaka mingi sasa, zamani nilipimwa insulini wakaniambia unayo tena nyingi kuliko kawaida. Nikaambiwa nyumbani huyu daktari hajui, mwenye sukari si ndo aliyekosa insulini. Mpaka leo hilo halijanikaa sawa.

Mwl_wa_Bailojia

Shikamoo mzee wangu. Daktari wako alikuwa sahihi. Insulini inatoka kwenye kongosho, sukari ikipanda baada ya kula inamwagwa, inakwenda kwenye kipokezi chake juu ya seli ya misuli au mafuta, na ndani ya seli kuna milango ya sukari imehifadhiwa, ujumbe ukifika ile milango inapandishwa juu kwenye ukuta na sukari inaingia. Kisukari cha aina ya 1 seli zinazotengeneza insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili, insulini hakuna. Aina ya 2, kama yako, insulini ipo na inafika kwenye kipokezi, tatizo linaanzia ndani, ujumbe unafifia kabla haujafika kwenye milango. Kongosho likiona sukari haishuki linaongeza insulini, ndo ile nyingi uliyopimwa. Miaka ikienda kongosho nalo linachoka, ndo maana wengine baadaye wanaanzishiwa sindano. Mzee ukiambiwa tembea, punguza uzito wa tumbo, ni kwa sababu hiyo, misuli inayofanya kazi inapandisha ile milango hata bila insulini nyingi.

Ule wa aina ya 1 zamani ulikuwa hukumu ya kifo. Januari 1922 huko Toronto kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa dondoo ya kongosho la ng'ombe iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Sindano ya kwanza haikuwa safi, ikamletea mzio na sukari haikushuka vya kutosha. James Collip akaisafisha zaidi, wakarudia tarehe 23 mwezi uleule, sukari ikashuka, akaishi miaka mingine 13. Kila nikilifundisha hili darasani watoto wananyamaza kimya.

Mzee_wa_Sukari

Marahaba mwalimu. Leo nimeelewa. Mungu akuzidishie.

Bi_Shani_Urembo

Dada Nuru usijitese na madawa ya hospitali ya maisha, kuna virutubisho vya kusafisha na kubalansi homoni zote kwa siku 21, na ayodini ya matone tezi inaamka yenyewe. Njoo PM.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu Shani naomba unisikilize bila hasira. Homoni haisafishwi. Ini na figo zinaziondoa kila siku zilizokwisha kazi. Na hakuna kitu cha "kubalansi homoni zote" kwa pamoja kwasababu hazina kipimo kimoja, kortisoli inatakiwa iwe juu alfajiri na chini kabisa usiku wa manane, ya mwanamke zinabadilika kila wiki ya mzunguko wake, na wakati wa uchungu wa kujifungua oksitosini inatakiwa izidi kupanda, mtoto anasukuma mlango wa kizazi, oksitosini inaongezeka, kizazi kinakaza zaidi, mtoto anasukuma zaidi mpaka anatoka. Ukizisawazisha zote utakuwa umemdhuru mtu.

Hiyo ayodini ndo inaniogopesha zaidi. Tezi inahitaji ayodini kidogo sana, mtu mzima kama maikrogramu 150 kwa siku, chumvi iliyowekwa madini joto kwa kawaida inatosha. Panapokosekana madini joto ndo watu wanaota rovu shingoni, pituitari inasukuma, tezi inavimba kwa kusukumwa. Lakini panapotosha, sababu kubwa ya tezi kulegea ni kinga ya mwili kuishambulia, ugonjwa wa Hashimoto, umepewa jina la daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Mtu huyo ukimmiminia ayodini nyingi tezi inaweza kuzima zaidi. Nuru muulize daktari wako kama anaweza kukupima kingamwili za tezi. Na ukipata ujauzito mwambie mapema sana, mahitaji ya homoni hii yanapanda miezi ya mwanzo na mtoto tumboni anategemea ya mama.

Nuru_77

Mama asante, nimefarijika. Kuna kitu nimekumbuka mlipotaja virutubisho, kwasababu ya nywele natumia vidonge vya nywele vya biotini, kwenye kopo wameandika maikrogramu 10,000. Na asubuhi nameza vya kuongeza damu. Vina shida?

Fundi_wa_Maabara

Umefanya vizuri kutaja, hilo la biotini watu wengi hawalisemi na sisi hatuwezi kuliona kwenye damu kwa macho. Mashine nyingi za maabara zinatumia biotini ndani ya kipimo chenyewe kukamatisha homoni, kwahiyo damu ikija imejaa biotini ya vidonge mashine inadanganyika, TSH inasoma chini kuliko ukweli na T4 inasoma juu. Kwako majibu yameenda kinyume na hapo, TSH juu T4 chini, kwahiyo biotini haikuyatengeneza. Inawezekana tu ukweli uko mbaya zaidi ya ulivyosomeka. Hatari iko kwenye kurudia, ukiendelea nayo unaweza ukaonekana umepona au umezidisha dozi, ukapunguziwa dawa unayoihitaji. Iache siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu na umwambie anayekutoa damu kwamba huwa unaitumia.

Vya kuongeza damu usimeze pamoja, madini ya chuma yanaishika levothairoksini tumboni haifyonzwi, weka angalau saa 4 katikati, na za kalisi hivyohivyo. Levothairoksini meza asubuhi tumbo tupu kwa maji matupu, kaa nusu saa mpaka saa moja ndo unywe chai. Siku ya kurudia kipimo nenda asubuhi, damu itolewe kwanza ndo umeze kidonge cha siku hiyo, maana ukitangulia kumeza T4 inapanda kwa masaa machache na inaweza kumchanganya daktari.

Nuru_77

Nimeandika yote kwenye karatasi. Ya damu nitahamishia jioni.